UKURASA WA FUNDI: Tone dogo la chuma



Msafiri akitoka Singida kwenda Nzega hupita Mlima Sekenke. Barabara huteremka kwa kona kali mpaka karibu na Shelui, na mbele yake iko tambarare ya Wembere. Madereva wa malori wanaujua sana mlima huo. Wengine wanauogopa. Lakini mwezi huu hatuzungumzi habari za malori. Tunazungumza habari za tindo iliyovunjika.

Katika Sekenke watu wanachimba dhahabu. Mgodi wa Sekenke ulianza kutoa dhahabu mwaka 1909, wakati wa Wajerumani. Siku hizi wachimbaji wadogo wanachimba mashimo yao wenyewe, nao huyaita maduara. Mchimbaji mmoja alituonyesha tindo yake. Ncha yake ilikuwa imemeguka, akaipeleka kwa fundi wa kuchomelea. Fundi akaongeza chuma kwenye ncha, akaitia ndani ya ndoo ya maji ipoe upesi, akapokea fedha yake. Siku ile ile tindo ilivunjika tena.

Mchimbaji alikuwa na hasira. "Ndugu zangu," alisema, "fundi yule ameniibia. Siku yangu nzima imepotea."

Tuliitazama tindo ile kwa makini. Chuma kilichoongezwa kilikuwa bado kimeshika vizuri. Tindo ilivunjika pembeni yake, upana wa kidole kutoka pale fundi alipochomelea. Kwa hiyo fundi hakuiba. Alijua kushikanisha chuma, lakini hakujua moto wake ulifanya nini pembeni.

Jambo hilo ndilo somo letu. Tutalianza mbali kidogo, kwa dhahabu ya Sekenke hiyo hiyo.

MUHURI WA TABORA

Mwaka 1914 ilianza Vita Kuu ya Kwanza. Manowari za Waingereza zilizuia meli zisilete mizigo ya Wajerumani katika pwani yetu. Baada ya muda sarafu zikawa haba. Mwaka 1916 Wajerumani wakaanza kutengeneza sarafu wenyewe mjini Tabora, katika karakana ya reli. Walitengeneza sarafu ndogo za heller. Pia walitengeneza sarafu ya dhahabu ya rupia 15, na dhahabu yake ilitoka Sekenke.

Sarafu hiyo ilikuwa na uzito wa gramu 7 na kidogo. Katika kila sehemu 1,000 za sarafu, sehemu 750 zilikuwa dhahabu. Upande mmoja ulikuwa na picha ya tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima. Upande wa pili ulikuwa na picha ya tai wa Wajerumani. Palikuwa pia na herufi T, maana yake Tabora. Zilitengenezwa sarafu 16,198. Ukipiga hesabu, dhahabu tupu iliyotumika ilikuwa kama kilo 87. Mwezi Septemba mwaka huo huo majeshi ya Wabelgiji yaliingia Tabora, na kazi hiyo haikurudi tena.

Sarafu hutengenezwaje? Fundi hukata kipande cha dhahabu cha mviringo. Hukiweka katikati ya mihuri miwili ya chuma kigumu, mmoja chini na mmoja juu. Mashine hukandamiza kwa nguvu kubwa. Dhahabu ni laini kuliko chuma, nayo huingia katika kila mchongo wa muhuri. Ukiinua muhuri, tembo yuko tayari.

Kazi ngumu ni kuuchonga muhuri. Palipotakiwa kuinuka kwenye sarafu, muhuri unachongwa shimo. Herufi huchongwa kinyumenyume, kama zinavyoonekana ndani ya kioo. Kazi hiyo Tabora ilifanywa na fundi Msinhala, yaani mtu wa kisiwa cha Ceylon, nchi iitwayo leo Sri Lanka.

Muhuri nao huchoka. Kila ukikandamizwa, chuma chake hupata shida kidogo. Siku moja ukingo humeguka au ufa huonekana. Tangu hapo kila sarafu itakayotoka itakuwa na alama ya ufa ule. Watu wanaokusanya sarafu za zamani wanatambua aina mbili za sarafu ya rupia 15. Tofauti iko kwenye pambo la pembeni. Katika aina moja mwisho wa pambo uko chini ya herufi fulani, katika aina ya pili uko chini ya herufi nyingine. Maana yake muhuri ulichongwa zaidi ya mara moja.

Zamani zile muhuri ukipasuka, dawa ilikuwa kuchonga mwingine. Moto wa kuchomelea ulikuwako, lakini ulikuwa moto mkubwa. Ungeziba ufa na kuharibu tembo mzima.

TAZAMA NDOO YAKO

Huenda msomaji atasema: "Mimi sina sarafu ya dhahabu. Habari hii inanihusu nini?"

Chukua ndoo yako ya plastiki. Igeuze juu chini. Katikati ya kitako utaona kinundu kidogo. Hapo ndipo plastiki ya moto ilipoingilia. Sasa chukua ndala, au kifuniko, au beseni. Pengine utaona mstari mwembamba kama uzi. Hapo ndipo sehemu mbili za kalibu zilipokutana.

Kalibu tunaijua sote. Tunafyatua matofali kwa kalibu ya mbao. Kalibu ya ndoo ni ya chuma cha pua, imechongwa kwa mashine na kusuguliwa mpaka inang'aa. Kutengeneza kalibu moja huweza kuchukua wiki nyingi au miezi, na bei yake ni kubwa sana. Lakini kalibu hiyo moja hutoa maelfu na maelfu ya ndoo.

Basi fikiri: ukingo wa kalibu umemeguka, kipande kidogo kama punje ya ulezi. Kila ndoo itatoka na kinundu, au na upande mkali unaokata mkono. Kiwanda kifanye nini? Kitupe kalibu nzima kwa ajili ya punje ya ulezi?

Hapana. Kinamwita fundi wa kuchomelea kwa tone dogo.

KWA NINI CHUMA HUPASUKA

Kwanza tujue kwa nini fundi wa kawaida hawezi kazi ile.

Chuma si cha aina moja. Msumari ukiupiga hupinda. Tupa ukiipiga hukatika. Tofauti kubwa ni kaboni. Kaboni ndiyo kitu kilichojaa ndani ya makaa. Msumari una kaboni kidogo sana. Tindo, tupa, springi ya gari na kalibu nyingi zina kaboni zaidi. Chuma chenye kaboni nyingi kikipata moto mpaka kikawa chekundu, halafu kikapoa ghafla, huwa kigumu sana. Lakini huwa pia kikavu, kama kigae. Pigo moja tu kinakatika.

Sasa tazama kazi ya kuchomelea. Chuma huyeyuka kwenye joto la karibu digrii 1,500. Pale rodi inapogusa, chuma kinayeyuka. Upana wa kidole kutoka hapo kiko chekundu. Mbele zaidi bado ni baridi. Fundi akiondoa rodi, chuma baridi kinavuta joto upesi. Ule ukanda uliokuwa mwekundu unapoa ghafla na kuwa mkavu kama kigae. Akina mama wanajua: chungu kilichotoka motoni ukikimwagia maji baridi kinapasuka. Chuma nacho kina tabia hiyo, ila ufa wake mara nyingi hauonekani kwa macho.

Fundi wa Sekenke aliongeza ubaya kwa ile ndoo ya maji. Tindo ilikuwa imekwisha vunjika ndani ya ndoo, hata kabla mwenyewe hajaipokea.

Kwa kalibu kuna hasara nyingine. Moto mkubwa huipinda. Ikipinda hata unene wa karatasi, sehemu zake mbili hazikutani tena sawasawa, na plastiki hutoka pembeni.

TONE MOJA MOJA

Mafundi wa vyombo vidogo walitafuta njia ya kutoa moto mkali sana, lakini mahali padogo sana na kwa muda mfupi sana. Njia moja ni ya umeme. Ncha ya madini ya tangisteni, iliyochongwa kama penseli, hutoa cheche ndogo. Pembeni yake hupulizwa gesi ya agoni. Kazi ya gesi hiyo ni kufukuza hewa, ili chuma kilichoyeyuka kisipate kutu wala matundu.

Njia ya pili ni ya mwanga. Watoto wengi wamewahi kuchukua kioo cha kukuzia na kukusanya mwanga wa jua mpaka karatasi ikaungua. Leza ni mwanga wa namna yake, unaotengenezwa na mashine, na unaweza kukusanywa zaidi sana kuliko ule wa jua. Leza ya kwanza ilifanya kazi mwaka 1960, nchini Marekani. Sasa mafundi wa kalibu wanaitumia kuyeyusha chuma.

Fundi huyo hukaa kwenye kiti kama mshona saa. Hutazama ndani ya hadubini, yaani chombo cha kukuza vitu vidogo, ili chembe ionekane kubwa kama jiwe. Husafisha ufa mpaka hakuna mafuta wala kutu. Kama ufa ni wa ndani, kwanza huukwangua mpaka mwisho wake, maana ufa uliofunikwa juu huendelea kutembea chini. Halafu hushika waya mwembamba kama uzi wa kushonea, mara nyingine mwembamba kuliko huo. Mwanga hupiga kwa muda mfupi sana, sehemu chache tu za sekunde moja iliyogawanywa mara 1,000. Tone moja la waya linashika. Anasogeza kidogo. Tone la pili linaufunika ukingo wa tone la kwanza. Hivyo hivyo mpaka pengo lijae na kuzidi kidogo. Upana wa kidole kutoka hapo, kalibu huweza kushikwa kwa mkono.

Kisha kazi ya zamani inarudi: tupa ndogo, jiwe la kunolea na msasa, mpaka pale palipoongezwa pawe sawa na pengine. Mafundi wengi watakuambia kwamba kusugua kunachukua muda mrefu kuliko kuchomelea. Sisi tunaamini hivyo.

Mashine ya leza ni ya bei kubwa. Haifai kununuliwa na kijiji, na tusidanganyane juu ya hilo. Ila akili yake haina bei: moto uishie pale unapotakiwa, na chuma kisipoe kwa ghafla. Akili hiyo inatumika hata kwa mkaa na mvukuto.

KARASHA NA NYUNDO

Vyombo vikubwa, kama nyundo nzito au mhimili wa karasha, vinaweza kuchomelewa na fundi wa karibu. Lakini mwombe afanye haya.

Kama chuma ni cha pua, akipashe joto chote kwanza, taratibu, kabla ya kuchomelea. Kisiwe chekundu. Kiwe cha moto kiasi cha tone la maji kuruka na kukauka mara moja. Rodi zake ziwe kavu. Rodi iliyolala kwenye unyevu huleta ufa, kwa sababu maji yake yanageuka gesi na kuingia ndani ya chuma. Achomelee kwa vipande vifupi. Akimaliza, azike chombo ndani ya majivu makavu mpaka kesho. Wenye haraka hawapendi shauri hili la majivu.

Kuna chuma kimoja kinachotaka kinyume cha hayo. Taya za mashine nyingi za kupondea mawe ni za chuma cha manganizi. Chuma hicho kikipata joto jingi kwa muda mrefu ndipo kinapokuwa kikavu na kuvunjika. Kwa hiyo hakipashwi joto mapema. Fundi huchomelea kidogo, anangoja kipoe, anachomelea tena. Utakijuaje? Chukua sumaku. Chuma cha kawaida kinavutwa na sumaku, lakini chuma cha manganizi hakivutwi.

Jambo jingine ni la roho za watu. Ndoano, mnyororo na kamba ya chuma vinavyoshusha watu duarani, usivipeleke kuchomelewa. Ndoano ikiwa na ufa, itupe mbali ili mwenzako asiiokote. Tindo ikivunjika unapoteza siku. Ndoano ikivunjika, walio chini hawana mahali pa kukimbilia. Tumesikia wachimbaji wakisema kwamba ndoano mpya ni ghali. Sisi tumetazama kina cha duara, na hatukubali hesabu hiyo.

Vilevile usitazame moto wa kuchomelea kwa macho matupu, wala usiwaache watoto wautazame. Mwanga ule huunguza jicho. Usiku mtu huhisi kama ametiwa mchanga machoni. Na pipa lililokuwa na petroli lisichomelewe, hata kama linaonekana tupu. Mvuke wa petroli uliobaki ndani unaweza kulipuka na kuua.

TINDO KWA MHUNZI

Tindo yenyewe haihitaji kuchomelewa. Inahitaji mhunzi. Ile ya mchimbaji wetu tuliipeleka kwa mhunzi mzee anayefanya kazi chini ya mti, na fuawe yake ni kipande cha reli.

Kwanza alikata sehemu yote iliyoharibika. Mchimbaji alisikitika kuona tindo yake imekuwa fupi. Mzee akamwambia, "Mwanangu, fupi nzima ni bora kuliko ndefu yenye ufa." Akaitia kwenye makaa mpaka ikawa nyekundu, akaifua ncha kwa nyundo. Ilipoanza kuwa nyeusi aliirudisha motoni, maana chuma kikifuliwa kikiwa cheusi hupata nyufa. Wala hakuiacha iwe nyeupe na kutoa cheche, maana hapo chuma kinaungua.

Aliizika kwenye majivu. Tukanywa chai na kuzungumza. Baadaye alitengeneza ncha kwa tupa. Halafu alitazama kichwa cha tindo. Kilikuwa kimechanua kama uyoga kwa kupigwa nyundo. Alikisugua mpaka kikawa sawa. Alituambia kwamba zile kingo za uyoga huruka kama risasi na kutoboa jicho. Kichwa hakukitia moto, maana kichwa hakitakiwi kuwa kigumu.

Mwishoni aliipasha ncha tena, urefu wa vidole viwili, mpaka nyekundu. Alizamisha upana wa kidole kimoja tu ndani ya maji. Aliitoa upesi, akaisugua kwa jiwe mpaka ikang'aa, akakaa kimya akitazama. Joto lililobaki nyuma lilianza kutembea kuelekea kwenye ncha, na rangi zikatokea moja baada ya nyingine. Kwanza manjano kama majani makavu. Kisha kahawia. Kisha zambarau. Hizo rangi ndizo kipimo chake cha joto. Manjano ni karibu digrii 220, zambarau ni karibu digrii 280. Tindo ya mawe ikiachwa kwenye manjano hubaki ngumu mno na kumeguka. Rangi ikipita buluu, inakuwa laini na kupinda. Zambarau ilipofika kwenye ncha, mzee aliisimamisha tindo kwenye sahani yenye maji machache, ncha ikiwa chini.

Sehemu ya juu ilikuwa bado ya moto. Mchimbaji alikuwa na haraka ya kurudi duarani. Akaishika kwa koleo, akageuka kuitia yote ndani ya ndoo.

Mzee alimshika mkono. "Ndoo iache," alisema. "Kaa, unywe chai nyingine."